Kiwanda cha Lwanika

Kila aliyezaliwa Lwanika amezaliwa chini ya nyaya za umeme. Zinatoka kwenye mitambo iliyo mahali paitwapo Bendera, zinapita juu ya mashamba ya mihogo na kuelekea Kalemie mjini, na katika safari hiyo yote hazitui popote. Watoto wa kijiji wanakua wakizisikia zikivuma wakati wa mvua, na jioni wanasoma kwa mwanga wa tochi.

Twahiri alikuwa na jambo moja tu moyoni kwa miaka mingi, nalo ni kwamba siku moja waya ushuke. Ushuke uwashe mashine, mashine isage mihogo, na wakulima wa Lwanika waache kumsubiri mnunuzi wa baiskeli anayekuja na kipimo chake mwenyewe na bei yake mdomoni. Mvua ikinyesha mihogo ikiwa bado imeanikwa kando ya barabara, inaota ukungu mweusi, na yule mnunuzi anaipindua kwa ncha ya kiatu kama anayepindua mzoga. Wanawake wanamtazama. Halafu wanakubali bei yake, kwa sababu kuibeba kurudi nyumbani ni hasara kubwa zaidi.

Baba wa Twahiri na dada yake alitoka katika familia za Waislamu wa mjini, wajukuu wa wafanyabiashara wa ziwani. Mama yao alikuwa mtoto wa Lwanika, na ndiye aliyewaachia ardhi. Twahiri alifundisha shule Kalemie mpaka mshahara ukawa wa kubahatisha, akaacha, akawakusanya wakulima wa Lwanika katika chama, nao wakamfanya kiongozi wao. Tangu hapo maisha yake yakawa ya mabenchi. Alikaa kwenye mabenchi ya biro, zile ofisi za mjini, akingoja kuonana na wakubwa. Kila aliposikia kuna mkutano wa wafanyabiashara waliotoka Lubumbashi au Kigoma, alivaa koti lake akaenda kusimama karibu na mlango, mpaka apate mtu wa kumwambia habari za Lwanika: udongo mweusi, mto usiokauka, watu wasioogopa kazi. Mjini walimpachika jina la Papa Kiwanda. Alicheka pamoja nao, lakini dada yake alijua jina hilo linamuuma.

Dada yake, Mwanamisi, alikuwa mkubwa kwake, na Twahiri alimwita yaya, kama mdogo anavyomwita mkubwa wake. Alikuwa mjane. Aliishi katika nyumba ya mama yao kijijini, akalima mihogo na karanga, na shamba lake lilipakana na la rafiki yake wa tangu usichana, Annie, mwimbaji wa kwaya ya kanisa la kijiji. Wawili hao walipanda pamoja na kuvuna pamoja. Mmoja akiugua, mwingine alipalilia pande zote mbili bila kuulizwa.

Mwaka ule mabenchi yalizaa. Kampuni moja ya Lubumbashi, mali ya familia, ilikuwa inatafuta mahali pa kujenga kiwanda cha unga wa mihogo. Walikuwa wamesikia habari za Lwanika kutoka kwa Twahiri, wakamsikiliza kwa simu mara nyingi, wakauliza maswali ya watu wenye nia. Mwishowe wakasema watakuja waone kwa macho. Wangefika Kalemie kwa ndege, wapande gari hadi Lwanika, waone mashamba, wale, halafu waendelee mbele mpaka Bendera kuuliza habari za umeme, na jioni warudi mjini kwa njia ileile.

Twahiri alisimama mbele ya wanachama akawaambia. Watu hawakupiga kelele. Mzee mmoja akauliza kama ni kweli, na Twahiri akasema ni kweli.

Kijiji kiliingia kazini. Wanaume walibeba mawe na kuziba mashimo ya barabara, wakabadilisha magogo yaliyooza ya daraja. Chifu Siméon alitoa uwanja mkubwa juu ya kilima, karibu na barabara, na vijana wakaufyeka mpaka ukawa mweupe. Wanawake walianza kusema, "Kiwanda kikisimama," kama watu wanavyosema, "Mvua ikinyesha." Kiwanda kikisimama watoto watalipiwa minerval ya shule. Kiwanda kikisimama bwana wangu atarudi kutoka machimboni.

Kisha Floribert akauawa.

Alikuwa mtoto wa kwanza wa Annie. Alikuwa na pikipiki, na kazi yake ilikuwa kununua mawese upande wa Bendera na kuyapeleka Kalemie. Walimkuta kwenye kona moja ya njia ya Bendera, mbele kidogo ya Lwanika. Pikipiki haikuwepo, madumu yalikuwa yametobolewa, na mawese yalikuwa yametapakaa njia nzima. Waliofanya hivyo walikuwa watu wenye bunduki waliotoka porini, na nani hasa, hakuna aliyejua. Tangu siku hiyo watu walipita sehemu ile asubuhi tu, kwa makundi, na jua likishapinda hakuna aliyepita.

Annie alikuwa bado kwenye matanga wageni walipotaja siku ya kuja. Uwanja wake ulitazama barabara. Turubai lilikuwa limefungwa juu ya miti, watu wamekaa kwenye mikeka, nyimbo za kanisa zinaimbwa asubuhi na jioni. Yeyote aliyeingia Lwanika kwa gari, kitu cha kwanza kuona kilikuwa hicho kilio.

Chifu Siméon aliwaita Twahiri na wazee wengine nyumbani kwake. Hakuna aliyesema waseme uongo. Siméon alisema tu, "Mugeni hapokelewi na kilio. Akiuliza ni nani amekufa, utamujibu. Akiuliza amekufa namna gani, utamujibu vilevile? Basi mambo yameisha pale."

Wote walimtazama Twahiri, kwa kuwa wageni walikuwa wake.

Alikwenda kwa Annie na akamchukua Mwanamisi waende pamoja. Njiani Mwanamisi alimuuliza, "Utamuambia nini?"

"Sijui, yaya. Nikifika nitajua."

Alipofika hakujua. Alikaa kwenye mkeka mbele ya Annie, koti likiwa mapajani, akatoa pole aliyokwisha kuitoa mara nyingi. Annie ndiye aliyemsaidia.

"Ni habari ya wale wageni," Annie alisema.

"Ndiyo, mama."

"Munataka turubai litoke."

"Kwa siku ile moja tu. Wakishaondoka, tunalirudisha sisi wenyewe. Mama Annie, ukikataa, hakuna atakayekulaumu. Nitawaambia wasije."

Annie alitazama barabara. Uso wake ulikuwa umevimba kwa kulia, lakini sauti ilitoka kavu.

"Mutoto wangu alikuwa anafuata nini kule Bendera?" aliuliza. "Kazi. Hapa hakuna kazi. Kama kiwanda kingekuwa kimesimama, angekuwa hapa, ananiletea kuni. Niko na wengine bado, Papa Twahiri. Sitaki na wao wapite kule." Akajifuta uso kwa ncha ya kitenge. "Toeni turubai. Mimi nitakwenda kukaa kwenye kibanda cha shambani. Nikibaki hapa nitalia, watasikia."

Siku ya wageni, asubuhi, Annie mwenyewe alifungua kamba. Mwanamisi alimsaidia kukunja mikeka. Walifagia hata majivu ya moto wa waombolezaji. Uwanja ulipobaki mtupu, Annie aliutazama, akashika njia ya shambani na wanawe wadogo nyuma yake. Mwanamisi alihisi kama wamemfukuza Floribert kwao.

Gari la wageni lilifika kabla ya adhuhuri. Walikuwa wawili pamoja na dereva. Mmoja alikuwa mhandisi aitwaye Ulrich, mtu mnene mwenye heshima, aliyechota udongo kiganjani na kuunusa. Mwingine alikuwa mwanamke kijana, Emmanuella, binti wa mwenye kampuni. Twahiri alikuwa amewaeleza watu mapema kwamba neno la mwisho litakuwa la huyo dada, si la mhandisi.

Walipanda kilimani, wakaona uwanja uliofyekwa. Walikwenda mtoni, wakaona maji. Emmanuella aliwauliza wanawake maswali kuhusu kuloweka na kuanika mihogo, na alisikiliza majibu. Aliposimama kilimani na kutazama mashamba yalivyoteremka mpaka bondeni, alimwambia Ulrich kwa Kifaransa neno moja ambalo Twahiri alilisikia, na usiku ule mbaya uliofuata alilikumbuka zaidi ya maneno mengine yote. Alisema, "Ni hapa."

Chakula kiliandaliwa nyumbani kwa Mwanamisi: bukari ya unga wa mihogo, sombe ya majani ya mihogo iliyopikwa kwa mawese, na samaki wabichi wa mikebuka walioletwa kutoka mjini kwa ajili yao. Wanaume walikula barazani. Ulrich alinawa mikono, akauliza kama kwa kupitisha wakati, "Na usalama hapa, muko namna gani?"

"Hapa njo amani," Chifu Siméon alijibu. "Vita vya zamani vilituchomea nyumba, ni kweli, tukakimbia, tukarudi. Siku hizi tunalala vizuri."

"Na njia ya mbele?"

"Njia ni hii munayoiona."

Wazee waliitikia kwa vichwa. Twahiri alikuwa anamkatia mgeni samaki. Hakuinua macho.

Wakati huo Emmanuella aliingia uani, mahali Mwanamisi alipokuwa anapakua. Alisimama akiwa amekunja mikono kifuani kama anayesikia baridi.

"Mama," alisema kwa sauti ya chini, "iko mahali naweza kujifungia kidogo? Niko na mutoto wa kunyonya Lubumbashi. Kifua kinaniuma sana."

Mwanamisi aliacha mwiko, akamwingiza chumbani kwake, akampa kikombe na kitambaa safi, akageukia ukuta ili asimtazame. Emmanuella alikaa ukingoni mwa kitanda akajikamua, akavuta pumzi kwa maumivu.

"Ni mutoto wa kwanza?" Mwanamisi aliuliza.

"Wa kwanza. Nilimuacha kwa mama yangu. Papa alisema amutume kaka yangu, mimi nikakataa. Nilisema kiwanda hiki njo mawazo yangu, nitakwenda mimi." Akacheka kidogo. "Sasa nalia na maziwa."

"Anaitwa nani?"

"Ni mwanamuke. Tumemuita Claire."

Alipomaliza alitaka kuyamwaga maziwa mlangoni. Mwanamisi alimzuia, akachukua kikombe. Maziwa ya mama, alisema, hayamwagwi mahali watu wanapokanyaga. Aliyamwaga taratibu kwenye shina la mgomba nyuma ya nyumba, akarudi. Emmanuella alikuwa amekwisha kufunga vifungo, lakini hakuinuka. Alikuwa anamtazama kama anavyotazama mtu aliye mbali na kwao.

"Mama, nikuulize kitu. Hii njia ya kwenda Bendera. Weye mwenyewe, leo, saa hii, ungepita kule?"

Tangu juzi Mwanamisi alikuwa ameandaa jibu. Kama angeulizwa kuhusu usalama, angesema muulize chifu, mimi ni mwanamke wa shamba. Swali hili hakuliandalia kitu. Alimfikiria mdogo wake barazani na jina la Papa Kiwanda. Alimfikiria Annie kibandani, na ule uwanja uliofagiliwa. Yote yalikuwa mazito, na yote yalikuwa upande mmoja. Upande wa pili kulikuwa na msichana huyu, na kitambaa chenye maji ya maziwa mkononi mwake.

"Hapana," alisema. "Nisingepita."

"Kwa nini?"

"Kuna mutoto wetu aliuawa kule. Bado hatujamaliza matanga yake. Watu wanapita asubuhi, wengi pamoja. Saa hii hakuna anayepita. Mukienda sasa mutarudi jioni, na jioni njo mubaya kabisa. Usiende, mutoto wangu. Rudi Kalemie."

Emmanuella aliinuka kitandani. Kisha akauliza, "Alikuwa anaitwa nani?"

"Floribert."

"Na wale wote barazani, wanajua?"

Mwanamisi alikichukua kitambaa mkononi mwake, akaanza kukikunja, na mgeni akaelewa.

Emmanuella alitoka, akamwita Ulrich kando ya gari. Walizungumza kwa Kifaransa, polepole, na Ulrich akajishika kichwa. Twahiri aliwaona kutoka barazani. Akaacha chakula, akawafuata. Hakuhitaji kuambiwa.

"Papa Twahiri," Emmanuella alimwambia, "barabara mubaya si kitu. Barabara inatengenezwa, askari wanaombwa, muntu anapanga saa ya kupita. Hata hatari tungeizungumza. Lakini mulikaa na sisi, mukatupa chakula, na mulikuwa munatuangalia tukienda. Nikijenga hapa, kesho kutakuwa na jambo lingine, na mutaniangalia vilevile."

"Dada, tungesema kutoka mwanzo, mungekuja?"

Alifikiri. Ilikuwa heshima kwamba alifikiri.

"Sijui," alisema.

Waliaga kila mtu kwa mkono. Gari likageuka uwanjani kwa chifu, likashika njia ya Kalemie. Watu waliokuwa wamejipanga kuwapungia wageni wakielekea Bendera walibaki wamesimama upande ambao gari halikupita.

Emmanuella hakutaja aliyemwambia, lakini watu walikuwa wamemwona akiingia kwa Mwanamisi. Twahiri alikwenda uani, akamkuta dada yake anaosha vyombo.

"Ni weye?"

"Ni mimi."

"Ungenyamaza tu, yaya. Sikukuomba useme uongo. Ungenyamaza."

"Aliniuliza kama ningepita mimi mwenyewe."

"Basi ungesema umechoka. Ungesema hujui." Sauti yake haikupanda. "Miaka yangu yote iko ndani ya gari lile."

Jua lilipokuwa linashuka, wachuuzi wawili wa chumvi waliingia Lwanika kutoka upande wa Bendera wakisukuma baiskeli zao, mmoja akipiga mluzi. Watu waliwauliza njia ilikuwaje. Kimya, walisema, hatukuona hata nyani. Maneno hayo yalizunguka kijiji kabla wachuuzi hawajamaliza kunywa maji, na kila aliyeyarudia aliyarudia mahali Mwanamisi angeweza kuyasikia. Wageni wangekwenda na kurudi salama. Pengine. Hakuna aliyeweza kujua, na kwa kuwa hakuna aliyeweza kujua, Mwanamisi hakuwa na neno la kujitetea.

Annie alirudi kutoka shambani akiwa amekwisha kuambiwa. Mwanamisi alikwenda kumsaidia kufunga turubai. Annie aliweka mkono juu ya kamba, akamzuia.

"Nilimuficha mutoto wangu," Annie alisema. "Unajua namna gani muntu anamuficha mutoto wake aliyekufa? Nilikaa kule kibandani na kitambaa mudomoni, ndege wasinisikie. Nilifanya hivyo ili apate kuzaa kitu. Na weye ukamutoa mbele ya mugeni, kwa neno moja. Sasa amekufa bure, na mimi nimemuficha bure."

"Annie, yule dada ana mutoto wa kunyonya."

"Na mimi nilikuwa na nini?"

Mwanamisi alisimama pale mpaka alipoona kwamba kusimama kwake kunamuumiza Annie zaidi, akaenda zake. Turubai lilifungwa na wengine.

Kampuni haikupiga simu tena. Baadaye ilisikika kwamba wamechagua ardhi upande wa Kongolo, karibu na reli, na kwamba ujenzi umeanza. Twahiri alikaa mjini. Chama kiliendelea kwa jina tu. Wanachama walimwambia chifu kwamba hawamlaumu Twahiri, ila nyumba yao ndiyo iliyowaponza, na kila mmoja alijua ni nani wa nyumba hiyo anayesemwa. Wanawake hawakumtukana Mwanamisi. Walimsalimu, wakapita. Wakati wa kupalilia alipalilia peke yake. Annie alipanda mstari wa magimbi kwenye mpaka wa mashamba yao, mahali ambapo hapakuwa na mpaka tangu walipokuwa wasichana.

Mvua za mwaka ule zilikuja na nguvu. Maji yalibeba daraja, yakafukua mawe yote ambayo wanaume walikuwa wameyapanga barabarani. Uwanja wa kilimani ulimea nyasi ndefu. Mihogo iliyoanikwa ililowa, na wanunuzi wa baiskeli waliovuka kwa mtumbwi walisema bei ya chini kuliko walivyowahi kusema, wakaipata. Mwanamisi aliuza yake baada ya wengine wote, kwa kuwa hakuna aliyemwarifu kwamba mnunuzi amefika.

Mwishoni mwa mvua Twahiri alikuja. Alikuwa amekonda. Alikaa uani, kwenye kigoda, akanywa maji, akauliza habari za karanga. Mwanamisi alimpikia sombe bila kumuuliza kilichomleta.

"Kulikuwa na mukutano mjini," Twahiri alisema hatimaye. "Wafanyabiashara, wengine wametoka Kinshasa. Walitupa nafasi, kila chama kiseme cha kwake. Nilisimama." Alizungusha kikombe mkononi. "Nilikuwa nimejipanga kusema udongo, mto, umeme unaopita. Nikasema hivyo. Halafu nikasema na yale mengine. Kwamba njia ina watu wa bunduki, kwamba ukitaka kuja Lwanika utapita asubuhi. Kwamba tulimpoteza kijana anaitwa Floribert, na sisi tukaondoa matanga yake tupate kiwanda."

"Ulisema mbele ya watu wote?"

"Mbele ya wote. Sijui nilipata wapi mudomo ule."

"Na wao?"

"Walinishukuru. Mumoja alisema ni vizuri kusikia ukweli. Wakati wa chai walikwenda kuzungumza na watu wa upande wa Ankoro, wa samaki. Kwangu hakuja muntu." Akaweka kikombe chini. "Kwa hiyo uongo haukuleta kiwanda, na ukweli haukuleta. Nilifikiri nije nikuambie weye, yaya. Kule mjini hakuna wa kumuambia."

Mwanamisi aliinuka akachukua chungu. Alimwongezea sombe. Walikula pamoja kwa mara ya kwanza tangu siku ya wageni, na chakula kilikuwa kidogo.

Walipomaliza, Twahiri alisema anataka kwenda kwa Annie. Mwanamisi alimwonya kwamba huenda asipokelewe. "Nilikwenda kumuomba," Twahiri alisema, "lazima niende na kumuambia." Mwanamisi alimfuata kwa nyuma, akasimama penye kona ya uwanja.

Annie alikuwa anamenya mihogo, wanawe wadogo wakiloweka kwenye mapipa. Hakuinuka. Twahiri alichutama mbele yake, akamsimulia kama alivyomsimulia dada yake, bila kupunguza na bila kuongeza. Kisu cha Annie kiliendelea kumenya mpaka alipofika kwenye jina, kikasimama.

"Ulisema jina lake?"

"Nilisema, mama."

"Jina lote?"

"Floribert, mutoto wa Annie, wa Lwanika."

Annie alitazama mhogo uliomenywa nusu.

"Na wakasema nini?"

"Juu yake yeye hawakusema kitu."

"Basi," Annie alisema. "Wangesema nini? Hawakumujua." Akaendelea kumenya.

Twahiri aliinuka, akaaga. Ilibidi afike mjini kukiwa bado na mwanga. Mwanamisi alimsindikiza kwa macho mpaka alipopotea kwenye mteremko wa mto, mahali ambapo sasa watu wanavuka kwa mtumbwi. Kisha akageuka. Rundo la mihogo ya Annie lilikuwa kubwa, na mawingu yalikuwa yanakusanyika upande wa ziwa. Alivuka uwanja, akakaa chini kwenye udongo, akachukua mhogo, akatoa kisu chake cha shambani na kuanza kumenya.

Annie hakumkaribisha. Hakumfukuza pia. Watoto waliwatazama wote wawili, wakarudi kwenye mapipa yao, na matone ya kwanza yakaanza kudondoka.